Namba ya mteja ni ya kupelekea mzigo, siyo ya kumsumbua



Leo siji na mbinu ya kupata wateja elfu moja kwa wiki. Nakuja na jambo ambalo najua baadhi yenu litawaudhi, ila acha tuambizane ukweli. Namba ya simu ya mteja siyo mali yako. Alikupa ili umpelekee mzigo. Mzigo ukishafika na hela imeingia, kazi ya ile namba imeisha, mpaka yeye mwenyewe akwambie vingine.

Mimi nauza viatu vya kike na pochi mtandaoni, nipo Dar es Salaam, mzigo nachukua Kariakoo. Nimeishia kidato cha nne, masoko sijasomea popote. Nimejifunza kwa kuuza, kwa kusoma kwenye simu na kwa kuwauliza wateja wangu wanapenda nini na wanachukia nini. Na kitu kinachotajwa sana ni hiki: "Nilinunua kwa mtu mara moja, sasa ananitumia meseji kila siku kama ananidai."

Tuanze hapo.

Angalia tunavyofanya biashara sisi wa mtandaoni. Unapost kiatu kizuri, chini unaandika "bei njoo inboksi". Mtu anakuja, unamwomba namba ya WhatsApp. Hata hajanunua, kesho yupo kwenye grupu la duka lako. Keshokutwa anapata ofa saa 12 asubuhi. Ijumaa anapata "Ijumaa Kareem" yenye picha za pochi. Jumapili anapata baraka za Jumapili zenye picha za viatu. Hakuomba hata moja. Alichouliza ni bei tu.

Halafu wapo wanaoenda mbali zaidi. Kwenye magrupu ya biashara utakuta mtu anatangaza, "Nauza namba 5,000 za wanawake wanaopenda mavazi, Dar na Mwanza." Na watu wanauliza bei! Jiulize, hizo namba kazitoa wapi? Hakuna wanawake 5,000 waliokaa kikao wakamtuma akauze namba zao. Zimetoka kwenye oda za watu, madaftari ya wageni na magrupu ya harusi. Ukinunua ile orodha, unanunua kitu ambacho muuzaji hakuwa na haki nacho. Na watakaopokea meseji yako hawakujui wala hawana shida na kiatu chako. Unachoma hela.

Kwa mteja hili siyo dogo

Wengi tunafikiri meseji ni meseji tu, asiyetaka aifute. Hebu kaa upande wa mteja kidogo.

Kuna dada ananunua pochi kwa akiba yake, nyumbani hataki maswali. Simu yake inashikwa na mume, inashikwa na watoto wakicheza gemu. Ghafla inaingia meseji: "Mteja wetu, asante kwa kununua pochi ya 65,000, leo tuna nyingine mpya." Wewe umetangaza biashara, yeye umemwachia ugomvi. Sasa fikiria wanaouza nguo za ndani, mawigi, dawa za ngozi au vitu vya uzazi. Jina la duka peke yake kwenye kioo cha simu linatosha kutoa siri ya mtu.

Kuna jambo la skrinshoti pia. Tunapenda kupost maneno ya wateja ili wapya watuamini, na ni sawa kabisa. Lakini ukipost skrinshoti yenye namba, picha ya profaili na jina la mtaa anakokaa, umemweka mteja wako uchi mbele ya watu usiowajua. Futa namba, futa jina, funika picha, na kabla ya yote muulize, "Dada, naomba kupost haya maneno yako, nitaficha jina, sawa?" Akikataa, basi.

Na la tatu ndilo linaloniumiza zaidi, la namba kwenda kwa bodaboda. Mzigo unatoka, unampa dereva namba ya mteja ili ampigie akifika. Wengi wao ni watu wema, wanapambana kama sisi. Ila mabinti wengi wanalalamika kwamba baada ya mzigo kufika, usiku anapigiwa: "Mambo dada, mimi yule wa viatu, uko poa?" Anayajua makazi yake na namba yake, na vyote amevipata kwako. Binti akinyamaza usidhani amefurahi. Amekubloki kimyakimya na mzigo mwingine hatanunua kwako.

Mimi dereva wangu tuna makubaliano ya wazi. Namba ya mteja ni ya siku hiyo tu, akimaliza anafuta. Mteja akilalamika kwamba kapigiwa kwa mambo mengine, kazi yetu imeisha siku hiyo hiyo. Nimemwambia kwa upole, na ameelewa kwa sababu ana dada zake na yeye.

Wanaotuma mikoani kwa basi, mnajua namba huwa inaandikwa kwa maka peni juu ya boksi na kila mtu stendi anaisoma. Hilo hatuwezi kulikwepa, mzigo lazima ujulikane wa nani. Lakini unaweza kumuuliza mteja, "Niandike namba hii hii au una nyingine ya kupokelea mzigo?" Wengi wana laini mbili. Swali hilo moja linamfanya ajue amepata duka lenye akili.

Sheria ipo

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ipo na Tume yake kabisa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Jina la mtu, namba yake ya simu, anapokaa, zote hizo ni taarifa binafsi. Kwa lugha yetu ya dukani, sheria inasema hivi: taarifa ulizokusanya kwa kazi moja usizipeleke kwenye kazi nyingine bila ridhaa ya mwenyewe, na mtu ana haki ya kukuzuia kutumia taarifa zake kumtangazia biashara. Inawataka pia wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume. Wenye wateja Kenya nao wajue kule kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Sisemi haya ili uogope. Nasema kwa sababu wengi tunadhani mambo haya ni ya benki na kampuni za simu. Daftari lako lenye majina na namba za watu 300 nalo ni taarifa za watu.

Matapeli wametuharibia, tusiwasaidie

Wote tunaijua ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Imetumwa sana mpaka imekuwa utani. Lakini matokeo yake ni kwamba Mtanzania akiona meseji ya hela kutoka namba asiyoijua, jambo la kwanza anawaza ni tapeli. Na wewe muuzaji wa kweli unaingia kwenye simu hiyo hiyo.

Kwa hiyo meseji yako isifanane na ya tapeli hata kidogo. Jina la duka lianze mwanzoni. Usitume viungo vya ajabu vya kubonyeza. Usiandike "umeshinda" kama hakuna aliyeshinda kitu. Na kubwa kuliko yote: usibadilishe namba ya malipo kwa meseji. Mimi wateja wangu nimewaambia tangu siku ya kwanza kwamba malipo ni kwa Lipa Namba moja, jina la duka linatokea kabla hawajaweka namba ya siri, na sitakuja kuwatumia namba nyingine kwa meseji. Akipata meseji ya namba mpya, hata ikiwa na jina langu, asilipe, anipigie.

Mteja akikuambia kuna mtu anatumia jina la duka lako kutapeli, mwelekeze atume ile namba ya tapeli kwenda 15040. Na wewe toa tangazo siku hiyo hiyo, usione aibu.

Sasa nifanyeje ili niuze?

Siko hapa kusema tusitume meseji. Meseji inauza. SMS inafika hata kwa mteja asiye na bando, inafika hata kwenye kiswaswadu. Ninachosema, tuma kwa aliyekubali, tuma kwa sababu, na mwachie mlango wa kutoka. Mimi nafanya hivi.

Kwanza, naomba ruhusa baada ya mzigo kufika. Siombi kabla, kwa sababu kabla hajaniamini. Akishavaa kiatu, akaniambia kimemkaa, ndipo namwandikia: "Asante dada. Nikipata mzigo mpya wa namba yako nikutumie meseji? Haizidi mara mbili kwa mwezi. Ukisema hapana hakuna shida." Akisema ndiyo naandika kwenye daftari: jina, namba ya kiatu, tarehe aliyokubali, na kama anataka SMS au WhatsApp. Akisema hapana au asipojibu, simwandiki. Kimya siyo ndiyo.

Pili, natuma kinachomhusu. Dada anavaa namba 37, sina sababu ya kumtumia viatu vya 41. Aliyenunua pochi ya ofisini simtumii sendo za ufukweni. Meseji moja iliyolenga inaleta majibu kuliko kumi za kumwaga. Mfano: "Habari dada. Vile viatu vyeusi namba 39 ulivyoulizia vimeingia, bei 28,000. Ukivihitaji nijibu nikuwekee mpaka kesho jioni." Weka na jina la duka mwanzoni, basi. Na bei ipo! Hakuna cha "bei inboksi", mtu yupo inboksi tayari.

Tatu, naangalia saa. Kabla ya saa 2 asubuhi situmi, baada ya saa 2 usiku situmi. Ijumaa mchana watu wako msikitini, Jumapili asubuhi wako kanisani, Ramadhani jioni watu wanafuturu. Na msimu pia. Januari watu wana ada na madaftari ya watoto, ukiwatumia ofa tatu kwa wiki unawakera tu. Subiri mishahara ya mwisho wa mwezi au sikukuu zikikaribia, tuma moja nzuri.

Nne, nahesabu herufi. Hapa wengi hela zinapotea bila kujua. SMS moja ya kawaida inabeba herufi 160, pamoja na nafasi. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinatozwa kama meseji. Ukiweka emoji hata moja, kikomo kinashuka hadi herufi 70, na ikikatwa kila kipande kinabeba 67. Piga hesabu: meseji ya herufi 150 bila emoji ni SMS moja. Ongeza kaua kamoja mwishoni, inakuwa SMS tatu. Tuseme unatozwa shilingi 25 kwa SMS na una watu 200. Bila ua ni 5,000. Na ua ni 15,000. Shilingi elfu kumi kwa ua!

Halafu kuna mtego mwingine wa sisi Waswahili. Alama ya kwenye "ng'aa" au "ng'ombe", ukiinakili kutoka sehemu nyingine inaweza kuwa ile iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa mtambo wa SMS ile iliyopinda ni kama emoji, unashushwa hadi 70 palepale. Kwa hiyo meseji za jumla ziandike zenyewe, na ukiweza tumia neno lisilo na hiyo alama.

Tano, naacha mlango wa kutoka. Meseji yoyote ya jumla inaisha na "Kuacha kupokea, jibu ACHA." Angalizo: ukitumia huduma ya kutuma SMS nyingi ambayo inaonyesha jina la duka badala ya namba, mteja hawezi kujibu ile meseji. Sasa ukimwambia ajibu ACHA unamdanganya. Weka namba ya simu ya kutuma hilo neno. Na mtu akisema acha, acha siku hiyo hiyo. Usimuulize kwa nini, usimwambie "sawa ila angalia na hii". Mfute, mshukuru, yaishe. Mtu uliyemwacha aende kwa heshima anaweza kurudi mwenyewe. Uliyembembeleza harudi.

Sita, WhatsApp siwaingizi watu kwenye grupu bila kuwauliza. Grupu linaonyesha namba za wote kwa wote. Umemkusanyia mshindani wako wateja wako, na umewapa wanaume wasiojulikana namba za dada za watu. Natumia orodha ya kutuma kwa pamoja, ambapo kila mtu anapata peke yake. Tena ile ina uzuri wake: meseji inamfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyekuhifadhi haimfikii. Watu wanalalamika kwamba huo ni usumbufu, mimi naona ni kipimo. Aliyekuhifadhi anakutaka. Na ukituma ovyo kwa watu wasiokujua, wakakubloki na kukuripoti wengi, WhatsApp wanaweza kukufungia namba. Biashara yote ipo kwenye hiyo namba, utaanzia wapi?

Meseji zinazorudisha wateja siyo za ofa

Watu wanasahau hili. Meseji ambazo hakuna mteja anayezichukia ni za mzigo wake mwenyewe. "Malipo nimeyaona, asante." "Mzigo umepanda basi saa 1 asubuhi, picha ya risiti hiyo hapo." "Dereva ameshatoka, atakupigia kwa namba inayoishia 43." "Samahani, rangi uliyotaka imeisha, nikurudishie hela au unataka nyeusi?"

Hizi hazihitaji ruhusa ya matangazo, ni sehemu ya kazi aliyokulipa. Na hapa ndipo wengi tuna uvivu wa ajabu. Kabla ya hela kuingia tunajibu sekunde hiyo hiyo, "karibu sana kipenzi". Hela ikiingia, mteja anauliza mzigo uko wapi, anaona tiki mbili za bluu halafu kimya mpaka jioni. Halafu wiki ijayo tunamtumia ofa! Mtu aliyelala na wasiwasi wa elfu 45 yake hahitaji ofa yako. Anahitaji kujua basi lilitoka saa ngapi.

Ukiwa na muda mdogo wa kuandika meseji kwa siku, anza na walioshalipa. Ukimaliza hao ndipo uwafikirie wengine.

Najua mtasema nini

Mtasema, "Mbona makampuni makubwa yanatutumia meseji kila siku na yanapata hela?" Ndiyo, yanatuma, na wewe unazipenda? Unazifuta bila kusoma. Tofauti ni kwamba kampuni ya simu ina laini yako, kuihama ni kazi. Wewe na mimi mteja anatuhama kwa kidole kimoja. Viatu kama vyangu Kariakoo vimejaa, wauzaji wake mtandaoni ni wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kinachomrudisha mtu kwangu ni kwamba sikumsumbua na sikumdanganya.

Mtasema, "Ukiomba ruhusa wengi watakataa, orodha itakuwa ndogo." Ni kweli, itakuwa ndogo. Yangu ni ndogo. Lakini kila aliyemo anajua jina la duka, anajua ataandikiwa nini, na kila SMS ninayolipia inaenda kwa mtu atakayeisoma. Kuliko kulipia meseji elfu mbili za kutukanwa, bora mia moja za kusomwa.

Na mtasema, "Mteja mwenyewe hajali." Anajali. Hakuambii tu, kwa sababu sisi watu wa huku tuna aibu ya kumkatalia mtu usoni. Anakujibu "sawa dear, nitakucheki", halafu anakubloki.

Fanya hivi wiki hii

Chukua daftari au simu yako, pitia namba za wateja. Weka alama kwa waliokubali kweli kupokea matangazo. Wengine wote waandikie mara moja tu, kwa adabu, uwaulize. Wasiojibu waache. Toka kwenye biashara ya kununua na kuuza namba, kama ipo kwenye grupu unalosimamia ifute. Funika majina kwenye skrinshoti zote ulizopost, zile za zamani pia. Ongea na dereva wako leo. Simu yenye namba za wateja iwekee namba ya siri, na kama una kijana anakusaidia kujibu, mwambie siku akiacha kazi zile namba haondoki nazo.

Haya yote hayahitaji mtaji. Yanahitaji nusu siku na roho ya kumuona mteja kama mtu mwenye nyumba yake, ndoa yake na usingizi wake. Amekukaribisha mlangoni upeleke mzigo. Usijikaribishe sebuleni.

Mauzo mema.